Hedifoni za mwanao zinavuma? Anza na chaja

Mama mmoja wa hapa Matai ameniuliza: mwanawe akisomea kompyuta mpakato, hedifoni zinavuma, na akigusa bodi ya chuma anahisi kama anatekenywa. Je, kuna hatari?

Mzazi, kwanza chomoa chaja, kompyuta itumie betri. Mvumo ukikoma, tatizo liko kwenye chaja au nyaya za nyumba.

Chaja hubadili umeme wa volti 230 kwa kuukatakata maelfu ya mara kwa sekunde. Kazi hiyo huzaa kelele, na chaja nzuri huwa na kichujio cha kuipunguza. Za bei chee mara nyingi kichujio chake ni hafifu.

Mtekenyo wenyewe kwa kawaida ni mkondo mdogo. Lakini unaweza kuwa dalili kwamba waya wa ethi haufanyi kazi. Siku kifaa kikivuja, hakuna cha kumkinga mtoto. Kwa hiyo usikate pini ya tatu ya plagi, wala usichokonoe soketi kwa kalamu ili pini mbili ziingie. Mwite fundi umeme apime ethi, hasa kiangazi, kwani udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida.

Mtoto asiongeze sauti ili kuufunika mvumo. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki.

Na akipigwa shoti, zima swichi kuu kabla ya kumgusa.