Tuonyeshe Siku ya 200

Wacha niseme bila kuzunguka: video nyingi za reli za bustani ni uongo. Si ati treni ni feki. Treni iko, inapita katikati ya maua, inaingia kwa handaki la mawe, muziki mtamu, sekunde 30, kwisha. Uongo ni kile kimeachwa nje. Hakuna mtu anakuonyesha reli ileile baada ya mvua ya Aprili.

Na kabla uniambie huo ni mchezo wa wazee wa Uingereza wenye nyasi na pensheni, tulia kidogo. Ni kweli mambo haya yamekolea huko Ulaya. Kampuni ya LGB ilitoa treni zake za bustani mwaka wa 1968 kule Nuremberg, Ujerumani, na reli yake ina upana wa milimita 45. Kila kitu chake kimepunguzwa mara 22.5. Toa simu upige hesabu: 45 mara 22.5 ni 1012 na kitu. Yaani hiyo ni reli ya upana wa mita moja iliyofanywa ndogo. Sasa reli yetu ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, ina upana gani? Mita moja. Kwa hivyo msee wa Kitengela akilaza reli ya milimita 45 nyuma ya nyumba, haigi mtu. Anajenga ile reli iliyoizaa Nairobi yenyewe, maana huu mji ulianza 1899 kama kituo cha reli.

Hapo tumemalizana. Turudi kwa uongo.

Mimi nina mita 12 za reli ya brasi, nilinunua mtumba kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama nchi. Kuilaza kulichukua wikendi tatu. Unachimba mtaro wa sentimita 10, unajaza kokoto, unashindilia, unapanga mataruma, unalaza reli, unapima kwa pimamaji. Kona unaziacha pana, kwa sababu mabehewa marefu hayapendi kona kali. Kokoto ziwe zile zilizopondwa, zenye ncha, ndio zishikane. Zile laini za mtoni huteleza. Mtu yeyote mwenye jembe na subira anaweza.

Kazi yenyewe inaanza siku inayofuata, na haiishi.

Udongo wetu ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unapasuka mpaka unaweza kuingiza mkono. Reli iliyokuwa sawa Machi, Juni inapanda na kushuka kama barabara ya mtaa. Unainua, unaongeza kokoto, unapima tena. Halafu kuna joto. Reli ya brasi ya mita 10 ikipata nyuzi 30 za ziada inarefuka karibu milimita 6. Usipoacha nafasi kidogo kwenye viungo, inajikunja kama tambi. Halafu mchwa, ambao wanaona mataruma ya mbao kama chakula walicholetewa. Halafu kuku wa mathe, ambao kazi yao duniani ni kuchakura kokoto. Na brasi ikikaa nje inafanya utando, umeme haupiti, treni inasimama katikati ya safari. Unasugua kwa msasa laini. Usijaribu stilwulu ya sufuria: vinyuzi vyake vya chuma vinanaswa na sumaku ya mota, na mota inakufa.

Hiyo ndiyo reli. Zile sekunde 30 za video ni matunda tu.

Na ndio maana hili jambo linanikasirisha kuliko inavyofaa kwa treni ya kuchezea. Sisi ni nchi ya kukata utepe. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa 31 Mei 2017, bendera, hotuba, picha kila mahali. Haya, nitajie jina la mtu mmoja tu anayetembea juu ya reli hiyo akikagua boliti. Kimya. Treni ya abiria ya Kisumu, kwenye ile reli ya mita moja, ililala karibu miaka 10 mpaka iliporudi Desemba 2021, na haikurudi hivihivi, ilibidi reli ikarabatiwe kwanza. Reli iliyojengwa kwa jasho na maisha ya maelfu ya vibarua, ikashindwa na nyasi na kutojali. Muthurwa, kabla ya watu kuijua kwa soko na matatu, ilikuwa makao ya wafanyakazi wa reli. Hao ndio walioifanya reli iwe reli kila asubuhi. Hatuna hata picha yao kichwani.

Ukilelewa hivyo unadhani kitu kikishazinduliwa kimeisha. Kisima cha kijiji, uwanja wa mpira, choo cha shule, taa za mtaani. Wote tumeona. Tunashangilia siku ya kwanza, siku ya 200 tunauliza serikali iko wapi. Sawa, tuiulize. Lakini hiyo serikali imejaa watu kama sisi, waliofunzwa kupenda utepe.

"Lakini inaleta pesa?" Nilijua utafika hapo. Hapana. Mota ni ghali, brasi ni ghali. Ukitaka nafuu, weka betri ya drili ndani ya behewa. Hapo reli haihitaji kupitisha umeme, na fundi wa jua kali anaweza kukukatia ya chuma chochote. Anza na mita 4. Lakini usiniambie kila kitu kijana anafanya lazima kilete doo. Kuna vitu unafanya ili mkono wako uzoee kurudi kwa kazi ileile bila mtu wa kukupigia makofi. Hiyo tabia haiuzwi dukani, na nchi hii inaihitaji kuliko video nyingine ya treni ikipita katikati ya maua.

Kwa hivyo watengeneza kontenti wenzangu, mnaojenga reli, mabanda ya kuku, bustani za magunia, chochote: acheni kutuonyesha uzinduzi pekee. Leteni kutu. Leteni mchwa. Jumamosi hii naweka video ya dakika 20, mimi na msasa na kokoto, nikiinua kile kipande cha karibu na tanki la maji kilichozama tena. Haina muziki. Kuku watakuwepo.