Mtoto Asipokuwako Shuleni, Yuko Wapi?



Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni kuandika majina ya wanaotaka mbegu na mbolea, kupokea barua na kuziweka katika majalada. Lakini kabla ya kushika kazi hii nalisomea ualimu, nikafundisha miaka kadhaa katika shule ndogo ya jamii huko Kisumu Ndogo, ndani ya Kibera, Nairobi. Basi leo sitaandika habari za mbolea. Nataka kuandika habari za rejesta ya shule, kwa maana nimeishika rejesta hiyo kwa mkono wangu, na ndani yake nalifanya kosa ambalo naona linafanywa katika nyumba nyingi za wakulima hata leo.

Sina haja ya kuwaeleza wakulima wa mpunga wa Ahero, wala wa miwa wa Muhoroni, Kisumu Ndogo ni mahali gani. Jina lenyewe lasema. Reli iendayo Kisumu yapita Kibera, na ndugu zetu waliokwenda Nairobi kutafuta kazi wamejaa huko, na wengine wako Kawangware. Kila nyumba ya skimu ina mtu wake mjini: kaka, shangazi au mjomba. Na kwa kuwa iko njia ya kwenda, watoto nao huenda na kurudi, na hapo ndipo hupotea.

Nisikilizeni niwape habari ya mtoto mmoja. Jina lake sitalitaja, maana sasa ni kijana mkubwa na habari ni yake.

Katikati ya mwaka 2019 aliletwa kwangu mvulana wa darasa la tano, ametoka nyumbani kwao penye mashamba ya mpunga. Mjomba wake alimleta asubuhi, akasema, "Mwalimu, huyu ni mtoto wa dada yangu, msomeshe." Hakuwa na barua ya uhamisho wala cheti cha kuzaliwa. Muhula ulikuwa haujaisha. Mimi nalimhurumia, nikaandika jina lake kwa kalamu ya risasi mwisho wa rejesta, nikasema barua itakuja. Haikuja, nami sikuiuliza tena.

Machi 2020 shule zote za Kenya zikafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Oktoba mwaka ule zikafunguliwa kwa madarasa matatu tu, yaani gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne. Wengine wote walirudi Januari 2021. Yule mvulana hakurudi. Nikatazama kiti chake, nikajiambia, "Bila shaka amekwenda kwao, kama wengine wengi waliokwenda mashambani wakati wa korona." Nikalifuta jina lake. Kalamu ya risasi hufutika upesi.

Kisha mimi nikaacha kufundisha, nikapata kazi hii ya ukarani. Siku moja mapema mwaka 2022 akaja mzee mmoja kuuliza habari za mbegu. Alipolisikia jina langu akafurahi sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Kumbe ndiwe mwalimu wa mwanangu kule Kisumu Ndogo! Sasa yuko darasa la ngapi?"

Wakulima wenzangu, sijapata kuulizwa swali zito kama lile. Baba alidhani mtoto yuko kwangu. Mimi nalidhani yuko kwa baba yake. Shule ya kwao iliandika kwamba amehamia Nairobi. Mjomba wake alikuwa amepoteza kazi wakati wa korona, akaona haya kuliandikia shemeji yake neno hilo, na mvulana akawa anasukuma mkokoteni wa mitungi ya maji ili nyumba ile ipate chakula. Watu wazima wanne tulimhesabu kuwa yuko mahali fulani, naye hakuwako katika rejesta yo yote. Mwaka mzima ulipita, na mwingine ukaanza.

Tangu siku ile nimelifikiri jambo hili sana, na haya ndiyo maoni yangu. Mtoto akikosa shule, mara nyingi kosa si la mtoto. Ni kosa la watu wazima ambao kila mmoja amemwachia mwenzake. Hatuwezi kuliondoa kwa fimbo, wala kwa kumlaumu mwalimu peke yake, wala kwa kumwogopa chifu. Tutaliondoa kwa kupeleka habari, na kwa kupanga kazi za shamba vizuri.

Sheria iko, nanyi yafaa kuijua. Katiba ya mwaka 2010 yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yasema mzazi asiyempeleka mtoto wake shuleni amefanya kosa, na akipatikana na hatia aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Sheria hiyo hiyo yamtaka mwalimu mkuu achunguze kwa nini mtoto hakuja, na asipoona sababu ya haki amwandikie mzazi na kupeleka taarifa mbele. Lakini mimi sipendi mtu ampeleke mtoto shule kwa kuogopa jela. Mtu wa namna hiyo atampeleka siku ya ukaguzi tu.

Najua neno mtakalonijibu, kwa maana nalisikia kila siku hapa dirishani. "Karani, mpunga ukiliwa na ndege, ada nitaipata wapi?" Hilo ni neno la kweli. Mpunga unapoanza kutia maziwa, kwelea huja kama wingu, na shamba lisilo na mtu juu ya dungu huisha. Nao hula zaidi asubuhi na jioni, na asubuhi ndiyo saa ya darasa. Basi mtoto anakaa dunguni akiamia ndege, majuma mawili, matatu, na akirudi shuleni wenzake wamekwisha maliza sura nzima ya hesabu.

Lakini tazameni vizuri. Kwa nini kazi ya kuamia ndege huwa ndefu? Mara nyingi ni kwa sababu kila mtu amepanda kwa wakati wake. Shamba moja limeiva, la jirani bado, la tatu ndiyo kwanza linachanua, na ndege wana karamu ya miezi miwili. Mabwana shamba husema kila mara: pandeni kwa pamoja, kila kitalu kwa wakati mmoja, mpunga uive pamoja. Hapo muda wa kulinda hupungua, na hasara hugawanyika badala ya kumwangukia mtu mmoja. Kisha majirani wagawane zamu za asubuhi, watu wazima kwa watu wazima, au wachange fedha wamwajiri kijana aliyekwisha maliza shule. Mtoto asaidie jioni na siku ya Jumamosi. Kazi ya nyumbani si dhambi, hata inamfundisha. Dhambi ni kazi inayochukua saa ya darasa.

Tena kuna wale wasemao, "Ni siku moja tu kila juma, siku ya soko." Haya, tufanye hesabu kama tunavyofanya kwa magunia. Juma la shule lina siku tano. Siku moja katika tano ni sehemu ya tano. Leo mtoto anatakiwa kusoma miaka sita ya shule ya msingi na mitatu ya sekondari ya chini, jumla miaka tisa. Sehemu ya tano ya miaka tisa ni karibu miaka miwili. Basi mtoto anayebaki nyumbani siku ya soko tu amenyimwa karibu miaka miwili ya masomo, na hakuna aliyeona akinyimwa, kwa kuwa alichukuliwa kidogo kidogo. Mkulima akiibiwa gunia moja katika kila magunia matano atapiga kelele mpaka tarafani!

Sasa niwaambie ninavyoona yafaa kufanya.

Kwanza, mtoto asipoweza kwenda shule, habari ifike shuleni siku ile ile. Ujumbe wa simu watosha, au neno kwa mtoto wa jirani. Mwalimu akijua mtoto ana malaria, atamngojea na kumwekea kazi. Asipojua, ataweka alama ya sifuri na kudhani mengine, kama nilivyodhani mimi.

Pili, msimhamishe mtoto katikati ya muhula isipokuwa kwa lazima kubwa. Mkimhamisha, chukueni barua kwa mwalimu mkuu, mpeni mtoto cheti chake cha kuzaliwa na ripoti zake, kisha mzazi mwenyewe azungumze na mwalimu wa shule mpya. Usimwachie shemeji wala shangazi. Tena piga simu baada ya juma moja, na usimuulize mwenye nyumba. Omba kusema na mwalimu. Hasa kwa mtoto wa kike. Wako wasichana waliopelekwa mjini wakiambiwa "utasoma Nairobi," nao wakaishia kulea watoto wa wengine na kufua nguo. Sheria yakataza kumpa mtoto wa umri wa shule kazi inayomzuia kusoma, hata kama mwajiri ni ndugu wa damu.

Tatu, habari ya matanga. Hakuna asemaye tusizike wafu wetu. Lakini mtu akifa, nyumba nzima husafiri kutoka Nairobi, na watoto hukaa majuma mawili wakingoja mambo ya wakubwa. Mtoto ahudhurie mazishi, kisha arudi na mtu wa kwanza anayerudi, au abaki kwa jirani mwaminifu. Marehemu hatakasirika.

Nne, baba wa wasichana wasione haya kusikia neno hili. Wako wasichana wanaokosa siku kadhaa kila mwezi kwa kuwa hawana vitambaa vya hedhi. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa ili Serikali iwape bure wasichana wa shule za umma walio katika umri huo. Visipofika, mzazi anunue. Si ghali kuliko muhula uliopotea. Mama peke yake asiachiwe jambo hili kana kwamba ni siri ya aibu.

Tano, fedha. Tangu Januari 2003 karo ya shule za msingi za umma imeondolewa, nami nalikuwa mwanafunzi mwaka ule, nikaona madarasa yakijaa mpaka dirishani. Lakini sare, daftari na michango midogo ipo, na shule nyingi za jamii kule Kibera hulipisha. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya fedha, asifichwe nyumbani juma zima kwa haya. Nenda na ulicho nacho, sema na mwalimu mkuu, weka ahadi. Hata walimu wakuu nawaomba: mwiteni mzazi, msimfukuze mtoto. Nasi wakulima, siku ya kulipwa mpunga au miwa, fedha ya shule itolewe kwanza, kabla ya kupita dukani.

Sita, mtoto aliyetoroka asipigwe kabla ya kuulizwa. Viboko shuleni vimekwisha katazwa, na hata nyumbani fimbo haikuambii alikuwa wapi. Muulize polepole. Huenda haoni ubao, huenda mkubwa mmoja anamtisha njiani, huenda hajaelewa hesabu tangu muhula uliopita naye anaona aibu. Mwenye kukimbia darasa ana kitu anachokikimbia.

Mtasema, aliyekwisha kosa mwaka mzima atafanya nini? Na arudi. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, akiwa na miaka 84, akakaa na watoto akiwa amevaa soksi ndefu na kaptula ya sare. Mtoto wa miaka kumi na mitano amechelewa nini?

Yule mvulana wangu naye alirudi. Mzee wake alipanda basi usiku ule ule. Hakumpiga, wala hakumtukana mjomba, bali alilia, akamrudisha nyumbani. Aprili 2022 mwalimu mkuu wa kwao alimpokea darasa la saba, ijapokuwa la sita hakulimaliza. Na ilikuwa ponea chupuchupu, kwa sababu mfumo wa zamani ulikuwa ukifungwa: mtihani wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Lau angechelewa mwaka mmoja zaidi, angekuta darasa lake halipo tena. Aliufanya mtihani ule wa mwisho. Alama zake hazikuwa za kujisifia, lakini alipata nafasi ya sekondari.

Mimi sikustahili shukrani, ingawa mzee aliniletea kuku. Nalimwambia ukweli, kwamba nalilifuta jina la mwanawe bila kuuliza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nami sikupiga simu, mwalimu. Nalikuwa nangoja mpunga uishe."

Basi jioni hii, kabla ya kufunga ng'ombe, kila mmoja wetu na awahesabu watoto wake. Yule aliye mbali, piga simu uulize mwalimu wake ni nani, na leo aliitwa katika rejesta au hakuitwa. Usipojua jina la mwalimu huyo, anza hapo.