Bando nimelipia, hotspoti unitoze ya nini?

Wadau, leo tuongee habari za hotspoti. Najua wapo watakaosema jamaa kaishiwa mada. Subirini kidogo, mtaona inakogusa.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la pili. Umenunua GB moja. Ukiimaliza kwenye simu, ni GB moja. Ukiwasha hotspoti ukaimaliza kwenye laptopu, ni GB moja ile ile. Sasa mtu akikwambia ulipe tena kwa sababu umeitumia kwenye kioo kikubwa, anakuuzia nini? Ni sawa na muuza maji kukutoza ndoo ya pili kwa vile uliyonunua umegawana na jirani.

Mnadhani natania? Marekani wenzetu wametozwa sana. Mwaka 2010 AT&T ilipowaruhusu wateja wa iPhone kutumia simu kama modemu, iliweka dola 20 za ziada kwa mwezi, bila kuongeza hata MB moja kwenye kifurushi! Verizon nayo ilikuwa na ada yake ya dola 20. Watu wakatafuta programu za kuwasha hotspoti kimyakimya, na Verizon ikaitaka Google iziondoe kwenye duka la Android. Tume ya mawasiliano ya huko, FCC, ikaingilia kati, na Julai 2012 Verizon ikakubali kulipa dola milioni 1.25 kumaliza shauri hilo. Sababu yake ni nzuri kuikumbuka: masafa iliyokuwa ikiyatumia yalikuja na sharti la kutowazuia wateja kutumia programu na vifaa wanavyovitaka.

Kampuni zinajuaje kama umewasha hotspoti? Si uchawi. Kila pakiti ya data hubeba namba inayopungua moja kila inapopita kwenye kifaa cha kuielekeza. Simu nyingi huanza na 64. Ikitoka kwenye laptopu kupitia simu yako, simu hupunguza moja, na namba inayofika kwa kampuni haifanani na ile ya simu yenyewe. Ndiyo maana wajanja walikuwa wanaibadilisha namba hiyo, na mchezo wa paka na panya ukaendelea.

Haya, turudi nyumbani. Sisi tumelelewa vingine. Wakongwe mnakumbuka Nokia, waya wake na PC Suite, unaunganisha kompyuta kwa GPRS inayotambaa kama konokono. Hakuna aliyekuuliza data inakwenda wapi. Mpaka leo, kwa bando la kawaida la intaneti, unawasha hotspoti na maisha yanaendelea. Naomba tuilinde tabia hii, maana huko vijijini ndiyo inayobeba watu.

Chukua Mabira, Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Migomba, kahawa, vilima. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anatakiwa kuomba mkopo wa HESLB, na maombi yanafanyika mtandaoni. Mwenzake aliyehitimu chuo anatakiwa kujaza Ajira Portal, kupakia vyeti na barua. Fomu za namna hiyo kwenye kioo cha simu ni mateso. Mwenye steshenari na kompyuta yake anapata wapi intaneti? Mara nyingi ni simu iliyoegeshwa dirishani inakopatikana mtandao, hotspoti imewashwa. Hiyo simu moja ndiyo intaneti kafe ya mtaa mzima. Siku mtu atakapoweka ada juu ya hotspoti, hatamkomoa mtu wa Masaki mwenye waifai ya ofisini na ya nyumbani. Atamkomoa huyu wa Mabira, na tarehe ya mwisho ya maombi haitamsubiri.

Hatari nyingine haiji kwa jina la ada. Inakuja kwa jina la ofa. Kuna bando za mitandao ya kijamii tu, bei chee, lakini haziifungui kurasa ya kuombea mkopo. Ujerumani, Vodafone (ndiyo mzazi wa Vodacom yetu) ilikuwa na ofa ambayo programu fulani hazikuhesabiwa kwenye kifurushi, ila ukiwasha hotspoti zinahesabiwa. Septemba 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema ofa ya aina hiyo haiendani na sheria ya intaneti huria, na kizuizi cha hotspoti kilichoegemea juu yake nacho hakifai. Wenzetu wana sheria ya kuegemea. Sisi tunaegemea mazoea, na mazoea hubadilishwa kwa SMS moja ya usiku wa manane.

Tusijidharau lakini. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipoanza nchini, watu walipiga kelele hadi zikasitishwa na tukarudi kwenye za awali. Mteja wa Tanzania akiamua kusema, anasikika.

Niwatendee haki na wenye mitandao. Laptopu inakula data kuliko simu, na mtu mmoja mwenye bando "lisilo na kikomo" akiwagawia watu kumi, mnara utazidiwa kweli. Sawa. Basi wekeni kikomo cha GB na mkiandike wazi. Uzeni kwa kiasi, msiuze kwa kifaa.

Na sisi watumiaji tusijifanye malaika. Hotspoti bila ada ni haki, lakini zile programu za VPN za "intaneti ya bure" zinazosambazwa na mafaili yake kwenye magrupu ni jambo jingine kabisa. Hapo hutumii ulicholipia, na data yako yote inapita kwenye seva ya mtu usiyemjua. Kisha unafungua akaunti ya benki humo humo! Bure ghali hiyo.

Kwa wa Kyerwa, mawili ya haraka. Mko jirani na Uganda na Rwanda, na karibu na mpaka simu inaweza kudaka mnara wa upande wa pili. Zima data ya rominga na chagua mtandao wako kwa mkono kabla ya kuwasha hotspoti. Pili, kwenye Windows iwekeeni hiyo waifai ya simu alama kwamba ina kikomo cha data, la sivyo masasisho yatameza bando kabla fomu haijafunguka. Na wekeni nywila, jamani!

Ombi langu kwa TCRA ni sentensi moja tu kwenye kanuni: data iliyolipiwa itumike kwenye kifaa chochote mteja anachotaka, bila ada ya pili. Waiandike sasa wakati hakuna ugomvi, kwa sababu ugomvi ukishaanza kila upande utakuja na wanasheria wake, na wa Mabira hana mwanasheria.

Naomba kuwasilisha. Nyie mnasemaje?