Wimbo Usiojulikana Kisa Chake ni Nusu ya Wimbo

Kila mwaka ifikapo Desemba, nchi yetu hujaa nyimbo. Redio hufungua hazina yake ya zamani, kwaya za shule hufanya mazoezi hadi jioni, na viwanjani vipaza sauti huanza kunguruma tangu alfajiri ya tarehe 9. Ikifika Aprili huwa zamu ya nyimbo za Muungano. Na Oktoba huwa zamu ya nyimbo za kumkumbuka Baba wa Taifa, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Siku ikishapita, nyimbo hizo hurudishwa kabatini mithili ya mapambo ya harusi, zikangoje mwaka mwingine.

Si kosa wimbo kuwa na majira yake. Mkulima anao wimbo wa kulima na wimbo wa kuvuna, wala hauimbi wa mavuno siku ya kupanda. Kosa ni kuimba wimbo miaka nenda miaka rudi bila kujua ulizaliwa kwa sababu gani, wala ni nani aliyeutoa kifuani mwake. Taifa lifanyalo hivyo hufanana na mtu arithiye nyumba asiulize ilijengwa na nani; siku atakapokuja mwingine kudai kwamba ni yake, hatakuwa na la kujibu.

Mfano ulio karibu mno ni wimbo ambao kila mwanafunzi huuimba akiwa amesimama wima. Mahadhi ya "Mungu Ibariki Afrika" yalitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, Afrika ya Kusini. Huyu hakuwa waziri wala jemadari. Alikuwa mwalimu, na aliwatungia nyimbo wanafunzi wake. Alifariki mwaka 1905 angali kijana, asijue kwamba mwaka 1912 wimbo wake ungeimbwa katika mkutano wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Inasimuliwa kwamba mjane wake aliuza haki za wimbo huo kwa senti chache tu. Hata kaburi lake lilipotea kwa miaka mingi, kwa sababu katika daftari la makaburi aliandikwa kwa jina la Enoch badala ya Sontonga. Lilipopatikana, likatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1996.

Tanganyika iliyachagua mahadhi hayo mwaka 1961. Tangu siku hiyo, kila ulipoimbwa Wimbo wa Taifa hapa kwetu, uliimbwa pia wimbo wa watu waliokuwa bado wamefungwa minyororo ya ubaguzi wa rangi. Vijana wa Afrika ya Kusini waliopokelewa Mazimbu, Morogoro, ambako ANC ilianzisha Chuo cha Solomon Mahlangu mwishoni mwa miaka ya 1970, walikuta wenyeji wao wakiimba kwa Kiswahili mahadhi yale yale ambayo wao waliyajua kwa lugha za kwao. Somo gani la umoja wa Afrika lingeweza kupita hilo? Hata hivyo, ni madarasa mangapi leo hii yanayofundishwa jambo hilo? Mtoto huambiwa asimame, aweke mikono chini, asitikisike. Hilo ni sawa, kwani heshima huanza na mwili. Lakini heshima isiyofika akilini ni mazoea tu.

Yapo mengine nyumbani kwetu. Kabla ya redio kuenea, katika Zanzibar ya miaka ya 1920, habari za mji zilipita katika nyimbo za taarab za Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba, akauza vyungu barabarani kabla sauti yake haijamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Wimbo wake uitwao "Kijiti" leo huchezwa harusini na watu wakautikisia mabega. Kumbe ni wimbo wa msiba. Unahusu mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Mtuhumiwa alitorokea bara, na mkono wa sheria ya kikoloni ukawaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Wanyonge wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti la kulalamikia hukumu ya namna hiyo. Walikuwa na Siti. Wimbo ule ulikuwa ndilo gazeti lao na ndiyo rufaa yao. Anayeucheza bila kukijua kisa chake, anacheza juu ya shauri ambalo halikuamuliwa kwa haki.

Mfano mwingine ni "Malaika", wimbo wa kijana ampendaye msichana lakini umaskini ukamzuia kutoa mahari. Dunia iliujua kupitia kwa Miriam Makeba, na wageni wengi wa Ulaya wameuimba wakipata fedha. Je, ni mali ya nani? Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na jina lake likashikamana nao; lakini wapo wanaoshikilia kwamba aliyeutunga ni Adam Salim, tena katika miaka ya 1940. Mabishano hayo hayakwisha, kwa sababu wimbo ulipozaliwa hapakuwa na aliyeona umuhimu wa kuandika. Wimbo uliohusu umaskini ukawatajirisha walio mbali, huku wenyeji wakigombania jina.

Huenda msomaji akasema kwamba wimbo ni burudani, na kwamba mfanyakazi aliyechoka hahitaji kupewa somo la historia pamoja na ngoma. Hoja hiyo ina uzito wake. Hakuna anayetaka dansi igeuzwe semina. Lakini kisa hakiuondolei wimbo utamu. Mwenye kujua kwamba Mbaraka Mwinshehe, fundi wa gitaa wa Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979, huisikia sauti yake kwa sikio jingine. Kujua huongeza ladha, kama chumvi katika mchuzi.

Pia ni lazima kutoa onyo. Visa vya nyimbo huvutia sana, na kila kivutiacho huongezewa chumvi. Mwalimu atakayebuni kisa ili kulipamba somo lake atakuwa amefanya dhambi ile ile ya aliyeficha jina la mtunzi. Palipo na mabishano, kama katika "Malaika", wanafunzi na waelezwe pande zote mbili. Watajifunza pamoja na wimbo namna ya kupima ushahidi.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge katika Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, akasikitika kwamba wasomi wengi waliweza kucheza rumba na chachacha ilhali hawakuijua gombe sugu wala lele mama. Kasumba hiyo ya kuona haya vilivyo vyetu imepungua. Iliyobaki ni ya namna nyingine: kuvipenda vyetu bila kuvijua.

Dawa yake haihitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Mwalimu anaweza kumpa kila mwanafunzi kazi ya likizo: akamwulize babu au bibi yake wimbo mmoja wa ujana wao, aandike maneno yake, jina la aliyeutunga, mwaka, na jambo lililousababisha. Madaftari arobaini ya darasa moja ni maktaba ndogo. Ofisa utamaduni wa wilaya anaweza kuyakusanya madaftari hayo yasiliwe na mchwa. Na ofisa aandaaye sherehe anaweza kuhakikisha kwamba mtangazaji analitaja jina la mtunzi kabla ya wimbo kupigwa, kama anavyotaja majina ya wageni wa heshima. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu mwaka 1999. Lakini sheria humlinda yule ambaye jina lake linajulikana.

Wazee wanaovijua visa hivi hawangoji majira. Wanaondoka Januari na wanaondoka Juni, na kila mmoja huondoka na nusu ya nyimbo zake. Desemba itakapofika tena, watoto watasimama wima na kuimba mahadhi ya mwalimu mwenzao na walimu wao, ambaye jina lake liliandikwa nusu daftarini na kaburi lake likapotea. Ni haki yake, na ni haki ya watoto hao, kwamba kabla ya kuimba waambiwe alikuwa nani.