Tuacheni Tuharibu Kompyuta

Vijana wenzangu wa huku Rusizi, na nyinyi kaka na dada zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo nataka tugombane kidogo. Nagombana na karatasi moja tu, ile inayobandikwa ukutani kwenye vyumba vya kompyuta: "Usisakinishe kitu. Usibadilishe kitu." Kuna kituo kimoja, sitakitaja, kila mashine ina nywila ya msimamizi, na msimamizi mwenyewe yuko Kigali. Kijana anafundishwa Word wiki nyingi, anapewa setifika, anapigwa picha, anatoka. Kompyuta imebaki salama. Na kijana je? Hajawahi hata kuweka mfumo mmoja kwenye mashine kwa mkono wake.

Sisemi walimu ni wabaya. Wanaogopa, na hofu yao ina sababu. Mashine ni ya mfadhili, ina namba kwenye orodha, na ikikufa lazima mtu aeleze kwenye ripoti. Hiyo naielewa. Lakini hofu hiyo ilishapata dawa miaka mingi, na dawa yenyewe hailipiwi. Ndiyo maana nasema kuendelea kutufungia si haki tena.

Dawa ni programu ya kuendesha kompyuta pepe. Kwa yule ambaye hajaiona: unaisakinisha kwenye laptopu, nayo inakutengenezea kompyuta nyingine ndani ya dirisha. Ile ya ndani unaigawia RAM kidogo, diski kidogo na kadi ya mtandao ya kuigiza. Unaiwasha, unaweka Linux ndani yake, unaizima. Diski yake yote ni faili tu kwenye laptopu. Kabla ya kujaribu jambo la hatari, unahifadhi hali yake ilivyo. Baadaye ukifuta mafaili ya mfumo, ukavuruga mtandao, mashine ikagoma kuwaka, unarudisha ile hali uliyohifadhi na kazi inaendelea. Windows ya mfadhili iko vilevile. Wazee walisema mtoto akililia wembe mpe. Huu ni wembe ambao kidonda chake kinafutika.

Programu zenyewe zipo, tena si moja. Kuna VirtualBox, iliyotoka kwa kampuni ya Innotek ya Ujerumani, msimbo wake ukafunguliwa Januari 2007, na leo iko mikononi mwa Oracle. Kuna QEMU, aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Kuna KVM, iliyoingizwa ndani ya Linux yenyewe Februari 2007. Zote ni programu huria: msimbo uko wazi, unaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kumpa jirani. VirtualBox ina kifurushi cha nyongeza chenye leseni yake tofauti. Hicho kiacheni, masomo yanaenda bila hicho.

Kwa nini nasisitiza huria, nisiseme bure tu? Kwa sababu bure na huria si kitu kimoja. VMware walikuwa na programu ya bure ya kuendesha kompyuta pepe kwenye seva, inaitwa ESXi. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ikainunua VMware. Februari 2024 ile ya bure ikaondolewa. Mwaka 2025 ikarudishwa. Waliojifunza kwayo walifanya nini katikati hapo? Walisubiri. Sisi wakimbizi kitu hicho hatuhitaji kufundishwa, tunajua kupewa na tunajua kukatiwa. Kwa hiyo kama mradi unachagua programu ya kutufundishia, uchague ile ambayo hakuna bosi anayeweza kuamka asubuhi akatunyang'anya. Nakala iliyo mkononi mwako leo chini ya leseni huria ni yako hata kampuni ikiuzwa mara kumi.

Najua jibu linalokuja: "Hayo ni mambo ya mainjinia, mkimbizi aanze na Word." Hapo ndipo nakataa kabisa. Amazon walipofungua huduma yao ya kukodisha seva mwaka 2006, walitumia Xen, programu huria ya kompyuta pepe iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge. Google wanakodisha seva zao juu ya KVM. Yaani jambo mnaloona liko juu sana kwetu ndilo linaloendesha sehemu kubwa ya intaneti mnayoitumia kutuma ripoti. Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na kazi ya kutunza seva mtu anaweza kuifanya akiwa Kamembe na seva iko Ujerumani. Lakini nani atamkabidhi seva mtu aliyekatazwa hata kubadilisha saa ya kompyuta?

Jibu la pili: "Mashine zetu ni dhaifu." Hilo ni la kweli kidogo. Kompyuta pepe inakula RAM. Laptopu ya GB 8 inafanya kazi vizuri. Yenye GB 4 nayo inaweza, mradi ndani uweke Debian au Alpine bila madirisha, maandishi tu, uipe MB 512. Tena hiyo ya maandishi ndiyo inayofanana na seva za kweli. VirtualBox ya sasa inataka prosesa yenye uwezo huo maalumu, na mara nyingi uwezo upo ila umezimwa kwenye BIOS. Kuuwasha ni dakika tano za yule msimamizi mwenye nywila. Bando nalo lisiwe kisingizio. Inapakuliwa mara moja, inazunguka kwa flashi, na leseni inaruhusu.

Jibu la tatu ni virusi. Ni kweli, ukuta huu si wa chuma. Basi zima mtandao wa mashine ya ndani wakati wa majaribio, na usifungue folda ya pamoja na laptopu. Somo la usalama ni hilohilo tayari.

Sasa neno ambalo ni letu zaidi. Hapa Nyarushishi ni kituo cha kupitia. Watu wanafika, wanaandikishwa, na wengi wanapandishwa basi kwenda Mahama, kule Kirehe, upande mwingine kabisa wa nchi. Kijana alikuwa ameanza kujenga tovuti kwenye kompyuta namba nne, basi ikaja, kompyuta namba nne ikabaki. Kule anaanza upya na "hii inaitwa mausi". Lakini kama kazi yake iko ndani ya kompyuta pepe, unaitoa kama faili moja, unaiweka kwenye flashi, unaifungua kule ilivyokuwa. Flashi iwe imefomatiwa exFAT, maana FAT32 haipokei faili la zaidi ya GB 4. Sisi tunajua kukimbia na kinachoenea mkononi. Kompyuta nzima inaenea mfukoni, na bado mnatuambia tuiache.

Na nyinyi vijana, msicheke, mna sehemu yenu. Ukipewa hiyo nafasi halafu unaweka Windows ya wizi ndani ili ucheze gemu, unampa hoja yule wa karatasi. Windows ndani ya kompyuta pepe bado inataka leseni. Linux ipo, haimdai mtu.

Ninachoomba ni vitu vitatu, na havihitaji bajeti mpya. Kila laptopu ya mafunzo iwekwe VirtualBox na Debian moja ndani. Kila wiki kuwe na saa moja ya kuharibu kwa makusudi na kutengeneza, mwalimu akiwepo. Na yeyote anayehamishwa apewe nafasi ya kutoa faili lake kabla ya siku ya basi.

Msimamizi wa Kigali, kama unasoma hapa, siombi hata nywila yako. Njoo siku moja, weka hiyo programu wewe mwenyewe, halafu ile karatasi ya ukutani ibandikeni nyingine.