Cha Hiari Kisigeuzwe Faradhi

Programu ya kompyuta haiwafikii watu ikiwa kitu kimoja kisichogawika. Hukusanywa kutokana na sehemu nyingi, baadhi za lazima na baadhi za hiari, na kabla haijatolewa kwa umma hapana budi watu wachache wakae waamue ni ipi katika zile za hiari itiwe katika toleo la kawaida, na ipi iachwe nje mpaka mwenye haja aiongeze mwenyewe. Uamuzi huo huhesabiwa kuwa ni shughuli ya mafundi tu. Sisi hatukubali. Walio wengi hukitumia walichopewa kama walivyopewa. Kwa hiyo anayetia sehemu ya hiari katika toleo la kawaida amewaamulia mamilioni wasiokuwamo mkutanoni.

Tuitazame OpenSSL, programu inayolinda siri za mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti duniani. Machi 2012 toleo lake la 1.0.1 lilitoka na sehemu mpya iliyowezesha kompyuta mbili kuulizana kama bado zimeunganika. Tovuti nyingi hazikuwa na haja nayo. Fundi aliweza kuiondoa wakati wa kuiunda programu, lakini nani aondoe asichojua kuwa kimo? Aprili 2014 ikatangazwa kwamba sehemu hiyo ina kosa, lililopewa jina la Heartbleed: ikiulizwa kwa hila, kila mara ilitoa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva, zikiweza kuwamo nywila na funguo za siri. Nchini Kanada, mamlaka ya kodi ilieleza kwamba namba za bima ya jamii za watu wapatao 900 zimeibwa.

Miaka 10 baadaye jambo lilirudi kwa sura mbaya zaidi. OpenSSH, programu ambayo mafundi huingilia katika seva wakiwa mbali, yenyewe haihitaji liblzma, maktaba ya kubana data. Ila waliounda matoleo ya Debian na Fedora waliitilia nyongeza yao, ili iiarifu systemd, msimamizi wa huduma za kompyuta, kwamba huduma iko tayari. Kwa ajili ya salamu hiyo fupi ikavutwa maktaba nzima ya systemd, nayo ikaja na liblzma mgongoni. Liblzma ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea. Mwingine aliyejiita Jia Tan alitumia zaidi ya miaka 2 kujipatia imani yake, kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund aliufichua tarehe 29 Machi 2024, baada ya kushangazwa na ucheleweshaji wa kama nusu sekunde, wakati ulipokuwa umefika hasa katika matoleo ya majaribio. Nusu sekunde! Usalama wa umma haufai kutegemea macho ya mtu mmoja mwenye subira.

Wapo watakaosema basi kila cha hiari kiachwe nje. Nao wamepotoka. Kwa miaka mingi diski rasmi za Debian hazikuwa na programu ndogo za kuendeshea vifaa ambazo chanzo chake hakiko wazi. Msimamo ulikuwa safi, lakini wako waliojikuta na kompyuta mpya isiyoshika mtandao, na hali mtandao ndio uliokuwa njia ya kuzipata programu hizo. Mwaka 2022 suala lilipelekwa kwa wanachama wa Debian, wakapiga kura. Kwa kuwa Mkataba wao wa Kijamii ulikuwa unaguswa, zilihitajika kura 3 kwa kila 1 ya kupinga. Zikapatikana. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina programu hizo, na uamuzi ulitaka mtumiaji aarifiwe na, inapowezekana, apewe njia ya kuzizima.

Huo ndio utaratibu tunaousifu: haja ya wengi ilijulikana, hoja zikatolewa hadharani, na mlango wa kutoka ukaachwa wazi. Ile nyongeza ya systemd haikuwahi kupimwa kwa mizani hiyo, na kumbe kazi yake ilikuwa ndogo mno. OpenSSH 9.8, iliyotolewa Julai 2024, huituma salamu ile ile kwa mistari yake michache, pasipo kuivuta maktaba ya mtu.