Mbegu za Mwarobaini Dhidi ya Mbu: Tuzitumie kwa Akili



Mbegu za mwarobaini huanguka uani, nasi tukazifagia na kuzichoma pamoja na takataka. Hatua chache kutoka hapo viluwiluwi wanacheza dimbwini. Sisi tunaona mbegu hizo zisitupwe. Ila hatukubaliani na wale wanaosema kuwa mwenye mwarobaini hahitaji tena chandarua.

Nguvu ya mti huu imo hasa katika kiini cha mbegu, chenye dawa iitwayo azadiraktini. Dawa hii huvuruga ukuaji wa kiluwiluwi: hushindwa kujivua ngozi, akafa kabla ya kuwa mbu. Kwa hiyo usitarajie kuwaona wamekufa papo hapo.

Okota mbegu zilizoiva, osha nyama yake, anika kivulini, twanga, loweka usiku kucha, kisha chuja kwa kitambaa. Jua humaliza nguvu ya dawa hii kwa siku chache, na katika joto letu yai huwa mbu kwa wiki moja au mbili. Hivyo anayemwagia mara moja na kusahau amejisumbua bure. Ni kazi ya kila wiki.

Tena mbegu hazilingani nguvu. Jaribu kwanza: chota viluwiluwi katika makopo mawili, moja tia dawa, jingine usitie, yafunike yote kwa kipande cha chandarua. Mbu wakitoka katika yote mawili, dawa yako ni dhaifu.

Zingatieni haya:

1. Kwanza fukieni madimbwi na zibueni mitaro. Dawa ni kwa maji yasiyoondoka.

2. Msiitie katika maji ya kunywa, kisima wala bwawa la samaki. Pipa na mtungi vifunikwe, visuguliwe kila wiki. Humo ndimo huzaliana mbu wa homa ya dengi, iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019.

3. Mtoto asinyweshwe mafuta ya mbegu hizi. Wako watoto waliopata degedege kwa kunyweshwa, na wengine wakafa. Yawekeni mbali nao.

4. Chandarua kibaki kitandani, na mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe. Shirika la Afya Duniani nalo husema kuua viluwiluwi ni nyongeza tu ya kinga nyingine.

Wala mwarobaini usiwe kisingizio kwa halmashauri zetu. Kiwanda cha Kibaha kilizinduliwa mwaka 2015 kutengeneza dawa ya viluwiluwi itokanayo na bakteria. Mitaro mikubwa na mashimo ya mchanga hayawezi kutibiwa kwa ndoo ya mama mmoja. Tudai huduma hiyo, huku kila jumuiya ikishika zamu ya madimbwi yake.

Mbu hajui mpaka wa kiwanja. Ukisafisha kwako na jirani asisafishe, wote mtaumwa.